Kuchapisha utafiti bila kuiba wala kuibiwa: mwongozo kwa mtafiti wa Nairobi

Katika saiba zilizozunguka vyuo vya Nairobi, kuanzia katikati ya jiji hadi Kahawa Wendani, mwanafunzi anayekaribia kuwasilisha tasnifu haendi kuchapa na kujalidi tu. Huuliza pia kama kuna mtu wa "kushusha Turnitin", yaani kupunguza asilimia ya mfanano inayotolewa na programu hiyo ya kukagua maandishi. Hakosekani. Analipwa kwa M-Pesa, anakesha na faili, na asubuhi asilimia 38 imekuwa 9. Alichofanya ni kubadilisha maneno kwa visawe, kupindua sentensi na pengine kupachika herufi zisizoonekana katikati ya maneno. Wazo lililoibwa bado limeibwa. Tofauti ni kwamba sasa halisomeki.

Mwongozo huu hauanzi na asilimia. Umeandikiwa mwanafunzi wa uzamili au uzamifu anayetaka kutoa makala yake ya kwanza kwenye jarida, na sehemu kubwa ya kazi iko kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Unachotafuta ni uwezo wa kuonyesha ilikotoka kila sentensi, kila namba na kila jina lililo kwenye makala. Ukiwa nao, programu ya kukagua haina la kukutisha.

Hatua ya 1: Vibali kwanza, data baadaye

Kenya inadai vitu viwili: idhini ya kamati ya maadili inayotambuliwa, na leseni ya NACOSTI, tume inayosimamia utafiti chini ya sheria ya sayansi na teknolojia ya 2013. Kwa mtafiti wa afya, kamati inaweza kuwa ile ya pamoja ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi, au SERU, kamati ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya; vyuo vingine vina kamati zao. Anza na kamati, kwa sababu barua yake ndiyo utakayoambatisha unapoomba leseni. Leseni huombwa mtandaoni na kwa kawaida hudumu mwaka mmoja. Ukiona kazi ya nyanjani inavuta, omba nyingine kabla ile ya kwanza haijaisha.

Kuna swali ambalo wanafunzi huliuliza kwa sauti ya chini: "Nimeshakusanya data, naweza kupata idhini sasa?" Huwezi. Kamati haiidhinishi yaliyokwisha kutendeka. Wengine hapo huazima namba ya idhini ya mradi wa rafiki, na huo ni uongo ambao jarida likiugundua hata baada ya miaka litabatilisha makala. Namba ya idhini huandikwa wazi kwenye sehemu ya mbinu, pamoja na jina la kamati, na mhariri anaweza kuiandikia kamati kuuliza.

Majina, namba za simu na sauti za waliohojiwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Weka orodha ya majina kwenye faili lake lenye nywila, na data ibaki na namba tu badala ya majina. Kundi la WhatsApp la wasaidizi si mahali pa kutumiana picha za fomu.

Hatua ya 2: Hakikisha data haijapikwa, hata na wasaidizi wako

Kupika data si lazima kuanze na mtafiti mwenye nia mbaya. Mara nyingi huanza na msaidizi anayelipwa kwa kila fomu. Jua ni kali Mathare, milango mitatu imefungwa, wa nne amekataa kuhojiwa. Kijana anaketi kwenye kibanda cha chai na kuzijaza kumi zilizobaki mwenyewe. Wewe utazipokea jioni, utamshukuru, na miezi sita baadaye utazitetea mbele ya jopo kana kwamba ni watu.

Lipa kwa siku, usilipe kwa fomu. Ukitumia KoboToolbox au ODK, programu za kujazia fomu kwenye simu, kila fomu inaweza kubeba saa ya kuanza, saa ya kumaliza na mahali ilipojazwa. Zitazame kila jioni, siyo mwisho wa mwezi. Fomu yenye maswali sitini iliyokamilika kwa dakika nne haikuulizwa mtu. Fomu saba zilizojazwa mahali pamoja, katika mtaa ambao kaya zake zimetawanyika, zina hadithi. Pigia simu baadhi ya waliohojiwa, kwa idhini waliyotoa, uwaulize maswali mawili tu yaleyale.

Angalizo: umri mwingi unaoishia na 0 au 5 usikutie hofu. Watu halisi hukadiria umri wao hivyo. Data iliyopikwa mara nyingi ndiyo inayopendeza kupita kiasi.

Kisha kuna mtu wa takwimu. Kumlipa mtaalamu akusaidie na programu za takwimu kama SPSS au R si dhambi, mradi umshukuru kwenye makala na ujue alichofanya. Shida inaanza anapokupigia simu: "Matokeo hayajakaa vizuri. Niyaguse kidogo yashuke chini ya 0.05?" Chini ya 0.05 ndipo wengi huhesabu matokeo kuwa na maana kitakwimu. Jibu ni hapana, na afadhali ulitoe kwa maandishi. Matokeo yasiyoonyesha tofauti yanachapishika. Yaliyoguswa yanachapishika pia, kwa muda. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998 katika The Lancet, iliyohusu watoto 12 tu na kuihusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji, ilikuja kubatilishwa 2010. Ilikaa miaka kumi na miwili ikitia wazazi hofu, na hofu hiyo haijabatilishwa.

Mtaalamu akimaliza, chukua faili la amri alizotumia, siyo majedwali peke yake. Usipoweza kuziendesha tena upate namba zilezile, bado hujapokea kazi yako.

Hatua ya 3: Soma huku ukiandika chanzo

Wizi mwingi wa maandishi ninaouona kwenye rasimu haukupangwa. Mwanafunzi alisoma PDF arobaini, akanakili aya zilizomfurahisha kwenye faili moja la Word, na baada ya miezi minne hajui tena sentensi ipi ni yake. Zuia hilo mapema. Kila unachokinakili kilivyo, kiweke ndani ya alama za nukuu papo hapo, na namba ya ukurasa. Muhtasari wako uandike kwa rangi nyingine. Wazo lililokujia ukisoma litangulize kwa herufi za jina lako. Zotero ni ya bure na itakutunzia marejeleo, ila haitakuambia uliyoyaandika ni ya nani.

Kutaja chanzo peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi huteleza. Chukulia sentensi hii niliyoitunga iwe imetoka kwa Fulani (2018):

"Kaya nyingi za mitaa ya mabanda hununua maji kwa wachuuzi kwa bei ya juu kuliko kaya zilizounganishwa na mfereji, kwa kuwa mtandao wa mabomba haujafika kwao."

Mwanafunzi anaandika:

"Familia nyingi za vitongoji duni hununua maji kutoka kwa wauzaji kwa gharama kubwa kuliko familia zenye mfereji, kwa sababu mabomba hayajawafikia (Fulani, 2018)."

Jina la Fulani lipo. Lakini mpangilio wa sentensi ni wake, hatua za hoja ni zake, na mwandishi amebadilisha maneno tu. Huu bado ni wizi, na ndio hasa anaouza yule wa kushusha asilimia. Linganisha na hili:

"Fulani (2018) anaieleza bei ya maji mabandani kwa kuangalia mabomba: yanapokosekana, mchuuzi ndiye mpanga bei. Data yetu ya Mukuru inaonyesha jambo ambalo yeye hakuliangalia. Hata penye mfereji, siku za mgao mchuuzi hurudi, na bei yake hurudi naye."

Hapa msomaji anajua wapi Fulani anaishia na wapi wewe unaanzia. Njia ya kufika hapo: soma aya, funga faili, fanya jambo jingine, kisha andika ulichokielewa bila kutazama. Ukishindwa, hukuielewa, isome tena. Ukimaliza, fungua chanzo uhakikishe hujamsingizia mtu asilosema.

Wanaoandika kwa Kiswahili wana mtego wao. Kutafsiri aya ya Kiingereza na kuiweka kama yako ni wizi uleule, ingawa programu mara nyingi haitaukamata. Wapitiaji wataukamata. Wanaopitia makala za majarida kama Kiswahili au Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamesoma vitabu vilevile ulivyosoma wewe, na wengine wamevifundisha kwa miaka. Ukitafsiri maneno ya mtu, sema tafsiri ni yako na utaje ukurasa.

Na usitaje kitabu ambacho hujakifungua. Ukikipata ndani ya kazi ya mtu mwingine, sema hivyo.

Hatua ya 4: Isome ripoti ya Turnitin, siyo namba yake tu

Turnitin haipimi wizi. Inapima mfanano wa maneno na yaliyomo kwenye hifadhi yake, kisha inaweka rangi: kijani hadi asilimia 24, njano hadi 49, machungwa hadi 74, na nyekundu kuanzia 75. Chuo chako kina kikomo chake, kifuate. Lakini asilimia 20 inaweza kuwa safi na asilimia 6 ikawa balaa.

Fungua ripoti yenyewe. Ondoa kwanza orodha ya marejeleo na nukuu zilizowekewa alama, kwa sababu hizo lazima zifanane na za wengine. Mfanano wa vipande vya maneno manne au matano kutoka vyanzo hamsini ni lugha ya kawaida ya fani. Jina la kipimo au maelezo ya mbinu inayojulikana hayana namna nyingi za kusemwa. Kinachotakiwa kukushtua ni aya nzima yenye rangi moja kutoka chanzo kimoja. Hiyo hata ikiwa asilimia 3 ya makala, iandike upya.

Usipeleke rasimu yako kwenye akaunti ya Turnitin ya mtu usiyemjua. Akaunti nyingi huhifadhi kila kinachopakiwa. Saiba itakupa ripoti nzuri leo, na chuo chako kikipima wiki ijayo kitakuta karibu makala yote inafanana na "kazi ya mwanafunzi" wa chuo ambacho hujawahi kukanyaga. Kujieleza hapo ni kazi, kwa sababu mwenye akaunti hatajitokeza kukutetea. Omba msimamizi au maktaba ya chuo ipime bila kuhifadhi.

Vilevile, tasnifu yako ikishawekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo, makala uliyoitoa humo itafanana nayo. Majarida mengi hayana tatizo na hilo ukilitaja mwanzoni. Andika kwenye barua kwa mhariri kwamba makala imetokana na tasnifu, uweke na kiungo chake.

Na tasnifu haiozi. Karl-Theodor zu Guttenberg, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, alijiuzulu Machi 2011 baada ya watu kuipekua tasnifu yake na kukuta aya zisizo zake. Mwaka uliofuata Pál Schmitt, rais wa Hungary, naye aliondoka kwa sababu ya shahada ya uzamifu aliyoipata 1992.

Hatua ya 5: Nani aandikwe kama mwandishi

Hili ndilo lenye aibu nyingi zaidi, kwa sababu linagusa wakubwa. Kipimo kinachotumika sana ni cha ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Mwandishi awe ametimiza mambo manne yote: mchango wa maana katika kubuni utafiti au kukusanya au kuchanganua data; kuandika rasimu au kuihakiki kwa kina; kukubali toleo la mwisho; na kuwa tayari kuijibia kazi nzima. Aliyetafuta fedha tu, mkuu wa idara aliyetia sahihi barua, au rafiki anayehitaji machapisho ili apandishwe cheo, hao hushukuriwa mwishoni. Na kinyume chake: mwenzako aliyefanya uchanganuzi na kuandika nusu ya sehemu ya matokeo hafichwi kwenye shukrani.

Zungumzeni mapema, kabla ya rasimu. Wasimamizi wengi hawana ubaya, hawajaulizwa tu. Ujumbe kama huu huondoa ugumu:

"Habari za leo, Profesa. Natumai u salama. Natayarisha makala kutokana na sura ya nne, na jarida linataka mchango wa kila mwandishi uelezwe. Nimeambatisha jedwali nililojaza kwa upande wangu. Naomba unijazie sehemu yako na unishauri kuhusu mpangilio wa majina. Nitasubiri mwongozo wako kabla ya kutuma."

Jedwali hufanya kazi ambayo mwanafunzi hawezi kuifanya kwa mdomo. Mtu asiye na la kujaza mara nyingi hujiondoa mwenyewe. Asipojiondoa, angalau unayo barua pepe yenye tarehe.

Usiweke jina la mtu bila yeye kujua, hata kama unadhani unamheshimu. Majarida mengi sasa humwandikia kila mwandishi kuthibitisha.

Hatua ya 6: Akili unde

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, wahariri wamekubaliana juu ya mambo mawili: programu haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuijibia kazi, na matumizi yake yatajwe. Kusahihisha Kiingereza chako ni jambo moja. Kuandikiwa mjadala wa matokeo ni jingine. Tazama maelekezo ya jarida lako, kwani yanatofautiana.

Hatari kubwa iko kwenye marejeleo. Programu hizi hutunga makala ambazo hazipo, zikiwa na majina ya watafiti wa kweli, mwaka na namba ya juzuu. Kila rejeleo lipitishe kwenye doi.org au Crossref, tovuti za kutafutia makala zilizochapishwa, ulione kwa macho yako. Na usibandike humo mahojiano ya watu waliokuamini na siri zao.

Hatua ya 7: Chagua jarida, usichaguliwe nalo

Barua pepe inayoanza kwa kukuita profesa mashuhuri wakati hata hujahitimu, ikiahidi kuchapisha ndani ya siku tano na kutaja ada kwa dola, ifute. Kwa zisizo wazi hivyo, pekua. Soma makala tatu za toleo la karibuni: jarida la kilimo lenye makala ya uhasibu na nyingine ya upasuaji halina mhariri. Tafuta jarida kwenye orodha ya mtandaoni ya DOAJ ikiwa ni la ufikiaji huria, yaani linalosomwa bure, au kwenye ile ya AJOL ikiwa ni la Afrika. Likidai limo Scopus, hifadhidata ya majarida ya kitaaluma, angalia kwenye orodha ya Scopus yenyewe, siyo nembo iliyobandikwa kwenye tovuti yao. ISSN, namba ya kutambulisha jarida, si ushahidi wa ubora. Karibu kila jarida hupata. Ukibaki na shaka, mwandikie mmoja wa wahariri waliotajwa. Wapo wanaogundua hapo kwamba majina yao yanatumiwa.

Hata nyumba kubwa hazina kinga. Mwaka 2023 makala zaidi ya 10,000 zilibatilishwa duniani, na zaidi ya 8,000 kati yake zilitoka kwenye majarida ya Hindawi, kampuni ambayo Wiley ilikuwa imeinunua miaka miwili kabla. Nyingi zilikuwa kwenye matoleo maalum yaliyosimamiwa na wahariri waalikwa, milango ambayo viwanda vya makala bandia viliipenda.

Ukishachagua, tuma kwa jarida moja tu na usubiri. Kupeleka kwa matatu ili uone litakalotangulia kujibu ni kuwatumikisha wapitiaji bure, na makala ikitoka mara mbili zote mbili zinaweza kuondolewa. Wala usiikate data moja vipande vinne ili upate makala nne, kila moja ikificha uwepo wa nyingine.

Hatua ya 8: Baada ya kuchapishwa

Ukigundua kosa la kweli kwenye jedwali, mwandikie mhariri mwenyewe kabla hujaandikiwa. Kosa dogo hutolewa sahihisho, na kubatilisha huachiwa kosa linaloangusha hitimisho. Tunza fomu, faili za data na rasimu zote; ukilaumiwa, hizo ndizo zitakazojibu.

Ikiwa umeibiwa wewe, kuna utaratibu, na haupiti X wala kundi la WhatsApp la wahitimu. Tengeneza jedwali la safu mbili: kushoto maneno yako, ukurasa na tarehe ya kuchapishwa, kulia maneno yake, ukurasa na tarehe. Mtumie mhariri wa jarida lililochapisha nakala, ukiambatisha makala zote mbili. Usimwite mtu mwizi. Sema sehemu hizi zinafanana na chanzo hakikutajwa, kisha uombe waifuatilie kwa mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza 1997. COPE ina michoro ya hatua ambayo mhariri anatakiwa kuifuata, kuanzia kumwandikia mtuhumiwa hadi kuwasiliana na chuo chake, na iko wazi mtandaoni. Isome ili ujue unachokidai.

Mhariri akinyamaza, kumbusha. Akizidi kunyamaza, mwandikie mchapishaji, kisha ofisi ya utafiti ya chuo cha yule mwandishi. Jarida likiwa mwanachama wa COPE na limekwama, COPE yenyewe hupokea malalamiko kuhusu jinsi suala lilivyoshughulikiwa, baada ya njia za jarida kumalizika. Na iwapo kilichochukuliwa ni maandishi yenyewe na kinauzwa, kwa mfano tasnifu yako imegeuzwa kitabu chenye jina la mtu mwingine, hilo limeingia kwenye hakimiliki, na ofisi ya kuendea ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Nenda na tasnifu yenye muhuri wa chuo, lile jedwali la safu mbili, na risiti ya kitabu ulichokinunua mwenyewe.